Skonzi zinakauka kwa sababu unaogopa donge linalonata

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Mbagala, msomaji wa siku nyingi. "Shikamoo dada. Skonzi zangu za zabibu zikitoka kwenye oveni zinapendeza, zikipoa zinakuwa ngumu na kupukutika mdomoni. Nimeshamaliza kilo nne za unga. Nakosea wapi?" Akaambatanisha picha. Juu zimeiva vizuri, zina rangi ya dhahabu. Nikamjibu mistari mitatu na kupanda kitandani, ila usingizi ukagoma, maana yanayompata yalinipata na mimi mwaka 2019.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukiomba skonzi kwenye maduka mengi hapa Dar, utapewa kile kimkate cha hamira, cha mviringo, cha kunywea chai. Nimekulia nacho na ninakipenda, lakini leo sikizungumzii. Nazungumzia skonzi za Waingereza, zenye asili ya Uskoti, zinazoumuka kwa baking poda na kukatwa kwa glasi. Wengi huniuliza donge liachwe saa ngapi liumuke. Haliachwi hata kidogo, linaumukia ndani ya oveni. Baking poda aliitengeneza Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, mwaka 1843, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Niliposoma habari hiyo nilimpenda yule baba, halafu nikajiuliza: kama hakuna hamira humu, mimi nakanda cha nini?

Kwa sababu nilikuwa nakanda, tena sana. Mwaka ule nilikuwa nimeacha kazi ya dukani na akiba yangu yote nimeinunulia oveni ya mezani. Nikapata oda yangu ya kwanza kubwa: skonzi 80 za kitchen party, Sinza. Niliamka saa tisa usiku. Nikakanda kama bibi alivyonifundisha kukanda chapati, mpaka donge lilainike kama ndewe ya sikio. Likinata mkononi, naongeza unga. Likinata tena, naongeza tena. Nilijiona fundi kweli.

Jioni shangazi wa bibi harusi akachukua moja, akajaribu kuimega. Ikavunjika vipande, makombo yakamwagikia kitenge chake. Akatia kipande mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, akanyoosha mkono kutafuta maji. Kisha, bila hata kunitazama, akamwambia binti aliyekuwa anahudumia: "Leteni maandazi." Basi. Saa nne usiku nilikuwa kwenye bajaji narudi Tabata, beseni nimelipakata, ndani yake skonzi 61. Nilizihesabu mara mbili. Nililipwa nusu ya pesa, na sikuwa na uso wa kudai nyingine. Yule mama nilishamsamehe, lakini mpaka leo nikisikia mtu anasema "leteni maandazi" kifua kinanibana.

Miezi iliyofuata niipite. Aliyenitoa shimoni ni mama mmoja mtu mzima wa Upanga, aliyepika miaka mingi kwenye jiko la hoteli. Nilimwamkia, akanikaribisha jikoni kwake na kuanza kazi, hakuniandikia vipimo vyovyote. Alimimina mtindi kwenye unga, akachanganya kwa kisu cha mezani, mizunguko kama kumi na tano hivi, akaacha. Lile donge lilikuwa limevurugika, linanata kwenye bakuli, bado lina mabaka ya unga mkavu. Nikanyoosha mkono nilimalizie. Akanipiga kikofi cha kiganja. "Mwanangu, hizi si chapati. Liache hivyo hivyo."

Hapo ndipo penye siri yote, na nitairudia mpaka mnichoke. Unga wa ngano ukilowa na kukandwa unajenga gluteni, zile nyuzi zinazovutika. Kwenye chapati tunazitaka, ndizo zinazofanya isukumike bila kuchanika. Kwenye skonzi nyuzi hizo hizo zinafanya donge lishupae lisinyanyuke. Na ule unga unaoongeza ili lisinate unakunywa unyevu wote, ikipoa skonzi inabaki kavu. Sisi mikono yetu imelelewa na chapati na maandazi, kwa hiyo donge likinata tunaona tumekosea. Hujakosea. Linatakiwa linate.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano wa kawaida gramu 450, baking poda vijiko vitano vya chai, sukari gramu 75, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi ya baridi gramu 110, yai moja, na mtindi mzito mililita 240 hadi 260. Mtindi nauchagua kuliko maziwa ya kawaida kwa sababu ule uchachu wake unalainisha skonzi. Matunda makavu gramu 120. Zabibu kavu ndizo za kawaida, ila tende zilizokatwakatwa au maembe makavu yanapendeza zaidi kwa midomo yetu.

Matunda hayo yaloweke kwenye chai ya moto ya rangi kwa nusu saa, uyachuje, uyakaushe kwa kitambaa. Nilikuwa nayatia makavu kama yalivyotoka kwenye pakiti. Tunda kavu lina kiu, litanyonya maji ya donge lako, halafu unabaki unalaumu oveni.

Siagi ndiyo vita ya Dar. Januari na Februari jua likipita nyuzi 30, siagi inalainika mezani kabla hujamaliza kupima unga. Mimi naigandisha kwenye friza, naikwangua kwenye kile cha kukwangulia karoti, naivuruga haraka na unga kwa ncha za vidole. Tena naoka alfajiri. Vile vipande vya baridi vinayeyukia ndani ya oveni na kuacha tabaka laini. Ikishayeyuka kwenye bakuli, imekwenda.

Oveni iwe imeshapata moto nyuzi 220 kabla mtindi haujagusa unga, maana baking poda inaanza kazi pale pale inapolowa. Na angalia LUKU. Mimi uniti ziliwahi kuniishia trei ikiwa ndani dakika ya tatu, trei nzima ikaharibika. Donge lilaze kwenye unga kidogo, likandamize kwa kiganja libaki na unene wa sentimita tatu, kata kwa glasi ukishuka moja kwa moja bila kuizungusha, zipange zikikaribia kugusana ili ubavuni zisikauke. Dakika 12 hadi 15. Zikitoka zifunike kwa kitambaa kisafi, ule mvuke uzirudie.

Jumamosi iliyopita nilipeleka skonzi 120 kwenye kipaimara, Kimara. Mama mwenye shughuli akanipigia kabla ya saa nane mchana kuuliza kama nimebakiza nyingine nyumbani. Ndiyo, najivunia, na sioni aibu kusema.

Sasa ninyi wadogo zangu mnaotaka kuuza, sikilizeni. Skonzi ikiwa ya moto inamdanganya kila mtu, hata aliyeioka. Acha moja mpaka kesho yake asubuhi, uile na chai bila kupaka kitu. Isipopita kooni, usimpelekee mtu akalipia. Mimi 2019 sikuonja hata moja iliyopoa, nilikuwa na haraka ya kupiga picha na kuposti. Tunakimbilia vifungashio na stika za jina la biashara wakati ndani bado. Na msiniulize tena kama mnaweza kuongeza unga kidogo tu. Hapana. Paka mikono unga, donge liache.

Yule mdogo wangu wa Mbagala kaniambia anaoka tena Jumapili. Nimemwomba safari hii aimege moja kwa mkono Jumatatu asubuhi na kunitumia picha ya ndani.