Pesti au pedi ukifunga bloku ya maji?

Ndugu, unafunga bloku ya maji (kipande cha chuma kinachopoza kwa maji) kwenye kadi ya picha ya kompyuta, na umeuliza kama pesti, ule uji wa kupitisha joto, peke yake itatosha kadi nzima. Haitoshi. Pesti ni ya chipu kuu, ambayo bloku huilalia kabisa. Memori kwa kawaida huachwa na mwanya, na pesti haiwezi kuuziba. Hapo weka pedi, yaani vipande laini vya kupitisha joto, kwa unene ule ule ulioandikwa kwenye maelezo ya bloku.

Mimi nilibandika za milimita 1.5 badala ya 1, nikidhani nene ndiyo bora. Joto la Kisumu unalijua, lakini chipu ilipanda kupita kiasi kabla hata mchezo haujafunguka! Kufungua, pesti bado imekaa kilima katikati, haijaguswa. Pedi zilikuwa zimeinua bloku.

Kaza skrubu kimsalaba, kidogo kidogo. Na ubandue plastiki pande zote mbili za pedi.