Jibu: Je, saini ya mzazi inatosha mimba ya binti wa miaka 16 itolewe?

Salaam, dada. Umeuliza kama mama wa mpwa wako wa miaka 16, mkazi wa Temeke, akitia saini, hospitali inaweza kuitoa mimba yake. Saini hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika vifungu vya 150 hadi 152, inakataza utoaji mimba bila kutofautisha umri wala kutaja ridhaa ya mzazi, na kinga iliyomo katika kifungu cha 230 inahusu upasuaji unaofanywa kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama.

Kwa hiyo angalieni kwanza afya yake. Nimewasindikiza mabinti kadhaa katika jambo hili, na kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya kificho. Akitokwa damu au akipata homa, mpelekeni hospitali usiku huohuo, kwani matibabu baada ya mimba kuharibika ni halali, naye aeleze ukweli wote alichotumia.

Pili, kisheria ridhaa ya kujamiiana huanza miaka 18, hivyo aliyempa mimba ana kesi ya ubakaji hata kama binti alikubali. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mkachukue PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto. Msikubali kuyamaliza kifamilia kwa fidia. Kuhusu masomo, waraka wa elimu wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua.