Kuhusu ugali, vipimo na benchi la kliniki

Pole dada wa Mbagala. Unasema umegundulika na kisukari juzi tu, na jirani kakukataza ugali kabisa. Usiuache, upunguze: kiasi cha ngumi yako, nusu ya sahani mchicha au bamia, robo samaki au maharage. Dona ni afadhali kuliko sembe, ila nayo ni wanga, usijipakulie mlima. Kinachotumaliza zaidi hapa Dar ni vya kunywa: soda, juisi ya miwa, chai ya sukari nyingi. Hivyo ndivyo vya kuacha.

Vijiti vya kupimia sukari ya damu ni ghali, kwa hiyo pima kwa mpango: leo asubuhi kabla ya kula, siku nyingine masaa mawili baada ya mlo. Wengi hulenga 4.4 hadi 7.2 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) asubuhi na chini ya 10 baada ya kula, lakini fuata viwango atakavyokupangia daktari wako. Nawa mikono kwanza. Ukitoka kumenya embe, mashine itakudanganya. Andika namba na ulichokula.

Na jirani akikuletea mlonge, usichukue nafasi ya dawa.

Siku ya kliniki wahi, kaa na wenzako benchini. Waliokutangulia watakwambia duka gani lina vijiti vya bei nafuu, na watakupigia usipotokea.