Jibu: Tribinali ya zamani ya Mombasa, inafaa kupita pale?

Yaya, umeuliza kama ukiwa Mombasa unangojea gari itoke bandarini inafaa upite kwa ile tribinali (mahakama) ya zamani ya Waingereza. Mi nasema pita tu, lakini usiipangie siku nzima, juu jengo lenyewe la 1902 ni zuri kwa nje, ndani unazunguka unamaliza haraka. Sasa liko mikononi mwa makumbusho ya taifa ya Kenya.

Utamu uko kwa jirani, ngome ya Fort Jesus, ni kutembea kidogo tu. Wareno ndo walijenga 1593 mpaka 1596, baadaye Waarabu wa Oman wakaichukua, halafu Waingereza wakaigeuza prizo toka 1895 mpaka 1958. Sasa fikiria, pa kuhukumu watu na pa kuwafungia palikuwa jirani hivo, mkoloni alikuwa amepanga kazi yake kweli kweli! Ndani tafuta vitu vilitolewa chini ya bahari kwa meli ya Wareno, San Antonio de Tanna, ilizama 1697 wakati ngome imezingirwa, mi naona vile ndo vinashinda vyote.

Nenda asubuhi, saa sita joto la kule si la Goma yetu hii. Na usisahau pasipoti, Kongo tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) 2022, kwa hiyo pale mlangoni uliza bei ya watu wa Afrika Mashariki mbele ya kulipa, wasikuhesabu na bazungu.