Kabla ya Kalamu Nyekundu: Kwa Mwalimu Anayeanza Kufundisha Utungaji

Nilipoanza kufundisha utungaji niliamini kwamba mwalimu mwema haachi kosa hata moja bila kulipigia mstari. Nilisahihisha tahajia, uakifishaji, upatanisho wa kisarufi na mpangilio wa aya, kisha nikayarudisha madaftari yakiwa mekundu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kufikia muhula wa pili makosa yalikuwa yamepungua, lakini na insha zenyewe zilikuwa zimefupika. Wanafunzi wangu walikuwa wamejifunza kutumia maneno wanayoyajua kwa hakika tu, juu ya mambo yasiyowagusa, kwa sababu huko hawakuadhibiwa.

Kwa hiyo ninakuomba usome kwanza kama msomaji, ndipo usahihishe kama mwalimu. Katika rasimu ya kwanza, andika pembeni swali moja la dhati kuhusu alichokisema kijana. Akiandika kwamba siku aliyofariki babu yake nyumba ilijaa watu lakini ilikuwa kimya, usianze na herufi kubwa aliyoisahau. Muulize ni sauti gani aliyoikosa siku ile. Nimeona mara nyingi kijana aliyeulizwa swali la namna hiyo akirudi na ukurasa mzima ambao hakuna aliyemwagiza auandike. Makosa yasubiri rasimu ya pili, na hata hapo chagua aina moja au mbili tu. Sisemi kwamba sarufi haina uzito. Ninasema kwamba kijana huijali pale anapokuwa na jambo ambalo hataki lieleweke vibaya.

Wape pia daftari lisilotolewa alama, la kuandikia dakika kumi kila siku, ambalo hutalisoma ila kwa idhini ya mwenyewe. Ahadi hiyo usiivunje hata mara moja, kwa kuwa darasa zima litajua siku hiyohiyo.

Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha na familia yake nchini Uholanzi ili wasikamatwe na Wanazi, alipewa daftari la shajara alipotimiza miaka 13, mwezi Juni 1942, na kwa karibu miaka miwili aliandika mafichoni bila mtu wa kumsahihisha. Mwezi Machi 1944 alimsikia redioni waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London akiwataka wananchi watunze shajara na barua za wakati wa vita, na ilipofika Mei akaanza kuiandika upya shajara yake, akiondoa sehemu fulani na kuziboresha nyingine. Ninapenda kuwaeleza vijana habari hii kwa sababu ya mpangilio wake: uhuru ulitangulia, kisha likaja tumaini la kupata wasomaji, na kazi ngumu ya kurekebisha akaifanya kwa hiari yake.

Kuhusu mada sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba mada finyu huzaa zaidi kuliko pana. Insha juu ya umuhimu wa elimu huleta maneno yaleyale kutoka kwa kila mwanafunzi. Insha juu ya siku mtu alipoelewa jambo lililomshinda kwa muda mrefu haiwezi kunakiliwa kwa jirani.

Jambo gumu kuliko yote kwangu lilikuwa kuandika pamoja nao. Wanapoandika, keti uandike mada hiyohiyo, kisha wasomee rasimu yako ikiwa bado na kasoro zake, uwaache wakuulize maswali, na somo linalofuata uwaonyeshe ulichobadilisha kwa sababu yao.