Anko Povu Anajibu: Ukali wa mahindi ndani ya mfuko wa kaki

SWALI: Anko shikamoo. Mi niko Baltimore, Marekani, huku Wabongo tunakutana wikiendi tunachoma nyama na kupiga stori. Juzi mshkaji kaja na chupa kuubwa ya Liquor de Malt, ile bia ya kiwanda cha Dogfish Head wa Delaware, imevalishwa na mfuko wa kaki kabisa. Tukaionja tukaanza kugawa maksi. Mi nikaipa 4 kwa 10 maana hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) hamna, uchungu hamna, wakati hawa jamaa IPA zao, zile bia za hopsi nyingi, ni balaa. Mwenzangu kaipa 9. Tumebishana mpaka nyama ikaungua. Nani yuko sahihi? – *Mdau wa Baltimore*

JIBU: Marahaba mdau, na poleni na nyama. Wewe ndo umechemka, ila mwenzio naye kamwaga maksi kama za mtoto wake.

Malt liquor haijawahi kuwa bia ya hopsi hata siku moja. Ni bia ya Kimarekani inayopikwa kwa kimea cha shayiri kikachanganywa na mahindi au mchele au sukari tupu, hopsi wanatia kidogo sana, afu wengi wanaongeza vimeng'enya vinavyoukata ule wanga mpaka unageuka sukari ambayo hamira inaweza kuila yote, ndo maana unapata kinywaji chepesi mdomoni kama maji lakini ukija kusimama unajikuta huna miguu. Sasa ukiinyima maksi kwa kukosa uchungu ni kama kuilaumu mbege kwa vile haifanani na Serengeti.

Na we unakaa Baltimore bana, hii kitu ina historia hapohapo mtaani kwenu! Colt 45 ilitolewa mwaka 1963 na National Brewing, kiwanda cha Baltimore. Miaka ya 80 wakamweka mwigizaji Billy Dee Williams kwenye matangazo, na kampuni nyingi za bia hizi zikaelekeza nguvu kwenye mitaa ya watu weusi wenye kipato kidogo, chupa ya aunsi 40 (kama lita 1.18), bei chee, ukali juu. Kelele zikawa nyingi mpaka 1991 kampuni ya bia ya G. Heileman walipotaka kuleta ingine inaitwa PowerMaster, serikali iliyokuwa imeshaipitisha lebo ikaigeuka, kwamba hilo jina linatangaza nguvu ya kilevi na sheria hairuhusu. Ikafa kabla haijachangamka.

Dogfish Head, waliofungua mwaka 1995 kule Rehoboth Beach chini ya Sam Calagione, wao walichofanya ni kuchukua kinywaji hichohicho kinachodharaulika na kukipika kwa heshima. Wakatafuta mahindi ya mbegu za asili, mekundu, meupe na ya bluu (rangi za bendera yao, umeipata hiyo?), wakaacha bia imalizie kuchacha ndani ya chupa yenyewe, asilimia 7, chupa ileile ya aunsi 40 na mfuko wake wa kaki. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapoionja ni moja: mahindi yapo au hayapo?

Mi nikionja naanza na pua. Mimina kwenye glasi, achana na kunywea chupani, na isiwe baridi ya kugandisha meno maana baridi kali inaficha kila kitu, kizuri na kibaya. Harufu tamu ya mahindi ni haki yake, ila ikinukia sufuria ya mahindi ya kuchemsha yaliyolala, hapo mpishi kazembea kwenye kuchemsha. Ikinukia tofaa bichi maana yake imetolewa mapema, hamira haijamaliza kazi. Kubwa kuliko yote ni kooni: asilimia 7 utaisikia tu, inapasha joto kidogo na hiyo ni sawa, ila ikichoma kama konyagi kavu na kunukia tina ya kuzimulia rangi basi imechachuliwa kwenye joto kubwa kwa haraka, na hapo ndipo zile za bei chee zinapoanguka nyingi.

Hii kwangu kooni imepita safi. Ina utamu wa nafaka, kwa mbali kama ukoko wa ugali, afu inaisha kavu na wala haikugandi mdomoni. Kwa aina yake naipa 7 na nusu. Nimeikatia kwa sababu utamu unaichosha ikishapata joto, na chupa ya lita 1.18 lazima ipate joto labda mnywe wanne.

Mfuko wa kaki mi siupi hata nusu maksi. Najua ni utani, ila watu walikuwa wanaficha chupa kwenye hiyo mifuko kwa sababu miji mingi huko kunywa barabarani ni kosa na askari walikuwa wanajua pa kwenda kuwatafuta. Mwenye hela akiununua kama pambo anacheka, aliyekamatwa nao sidhani. Maksi toa kwa kilichomo kwenye glasi.

Next time gaweni maksi mara mbili: moja kwa aina yake, ingine kama ungenunua tena kwa hela yako. Hapo we na mshkaji mngeelewana mapema, yeye alikuwa anajibu la kwanza na we la pili.

SWALI: Anko, hiyo chupa ukiileta huku Kahama ni sawa na Safari ngapi? – *Mlevi mstaarabu*

JIBU: Tatu kamili. Piga hesabu: mililita 1180 mara asilimia 7 unapata kama mililita 82 na ushee za kilevi chenyewe, na Safari ya nusu lita yenye 5.5 inakupa 27 na nusu. Tofauti ni kwamba Safari tatu unaagiza mojamoja, kuna muda wa kujifikiria, hii ukishafungua ni mbio na gesi haisubiri. Wanaokumbuka viroba kabla havijapigwa marufuku 2017 wanajua kilevi kingi kwa bei ndogo kinafanyaje mtaani, kwa hiyo gawana na watu.

SWALI: Habari Anko, niko Houston. Nimenunua bia ya aina hiyo ya watengenezaji wadogo, chini nikakuta tope jeupe. Imeharibika? – *Mama Naima*

JIBU: Hapana dada, hiyo ni hamira iliyotulia. Bia iliyochachia chupani lazima iache machicha. Isimamishe kwenye friji usiku mzima, mimina taratibu kwa mkupuo mmoja bila kuisimamisha-simamisha chupa, na ukiona tope linakaribia shingo simama. Ukilinywa halikuui, ila tumbo litapiga stori usiku. Na kama chupa ni nyeupe isiyo na rangi usiiweke dirishani, jua likipiga zile hopsi chache zilizomo inaanza kunuka kicheche na hapo hata mi siwezi kukusaidia.