Kuichangia taasisi ya msaada wa kisheria ukiwa Moshi

Ndugu yangu, umeuliza namna ambavyo mtu wa kipato cha kawaida hapa Moshi anaweza kuichangia taasisi ya msaada wa kisheria. Kabla ya kutoa chochote, hakikisha kwamba taasisi hiyo imesajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtaka mtoaji wa huduma hiyo awe amesajiliwa. Fedha ziweke katika akaunti ya benki au lipa namba yenye jina la taasisi yenyewe, kamwe si katika simu ya mtumishi, hata awe muungwana kiasi gani, kisha udai stakabadhi.

Hata hivyo, fedha taslimu si njia pekee. Mjane wa Kibosho anayegombania kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) alichoachiwa na marehemu mumewe anaweza kukwama kwa sababu tu amekosa nauli ya kufika mjini au fedha ya kutoa nakala za nyaraka zake, hivyo hata rimu moja ya karatasi ukiifikisha ofisini haikai bure. Na ikiwa wewe ni wakili, jitolee kusimamia shauri moja hadi mwisho. Binafsi naithamini njia hiyo kuliko zote.